Daftari la Mtoto Lasemaje Juma Hili?

Ndugu msomaji, leo nina swali moja kwako, na nakuomba ulijibu moyoni mwako kabla hujaendelea kusoma. Mwanao aliye darasa la kwanza au la pili amefundishwa nini shuleni juma hili?

Sikuulizi kama alikwenda shule, najua alikwenda. Sikuulizi kama sare yake ilifuliwa, wala kama alipewa fedha ya kununulia maandazi wakati wa mapumziko. Nauliza juu ya jambo lenyewe linalomtoa kitandani alfajiri. Ni sauti ya herufi gani aliyoipata Jumatatu, na ni neno gani aliloweza kulisoma Ijumaa bila ya kusaidiwa? Ukiweza kujibu, nakupongeza, nawe waweza kuyaruka makala haya ukaenda kwenye ukurasa wa mapishi. Ukishindwa, usione haya, kwa sababu majuma machache yaliyopita mimi nami niliulizwa swali hilo, na aliyeniuliza ni mama yangu mzazi, nikaduwaa kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni.

Naona vyema nikusimulie jinsi ilivyokuwa, ingawa kisa chenyewe hakinipambi.

Binti yangu ana umri wa miaka sita, na mwezi wa Januari alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya jirani na kwetu, hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa kazi yangu ni ya kalamu, nilijiapia kwamba mwanangu hatakuwa wa nyuma katika kusoma. Hata kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa nimekwisha mkaririsha majina ya herufi: a, be, che, de, mpaka mwisho. Aliyataja kama kasuku, na wageni walipofika nyumbani nilimwita ayataje mbele yao, nami nikavimba kichwa.

Jioni moja, yapata mwezi mmoja na nusu tangu shule zifunguliwe, nilimkalisha mezani nikafungua daftari lake. Mwalimu alikuwa ameandika neno moja kwa mwandiko mkubwa wa kupendeza: mama. Nikamwambia asome. Akalitazama neno, akanitazama mimi, kisha akaanza: "Me, a. Me, a. Mea mea." Nikamwambia arudie. Akarudia: "Mea mea." Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imekwisha panda. "Hata neno mama huwezi kulisoma, na mama mwenyewe ndiye huyu amekaa mbele yako?" Nikamfinya sikio. Machozi yake yakadondokea juu ya daftari, na ukurasa ukatota.

Siku ya pili yake daftari halikuonekana. Mtoto alisema limebaki shuleni. Siku ya tatu akasema vivyo hivyo. Siku ya nne mama yangu, aliyekuwa amekuja mjini kutibiwa macho, alikwenda jikoni kuchukua mkaa, akalikuta daftari limesukumwa nyuma ya gunia. Hakumwita mtoto. Aliniita mimi.

"Juma hili wamefundishwa nini?" akaniuliza.

"Kusoma, mama."

"Kusoma nini?"

Sikuwa na jibu.

"Basi ulimfinya mtoto kwa kosa usilolijua wewe mwenyewe," akasema, akalipangusa daftari vumbi la mkaa kwa upindo wa kanga yake.

Asubuhi iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni.

SAUTI KABLA YA JINA

Mwalimu wa darasa la kwanza alinipokea kwa uso mkunjufu. "Karibu, mzazi," aliniambia, "kaa pale nyuma utazame. Tutazungumza baadaye." Nikajipenyeza katika dawati ambalo magoti yangu hayakulitosha, jirani na watoto watatu waliobanana katika dawati la watu wawili. Darasa lilikuwa limejaa. Ukutani palikuwa na makaratasi ya manila yenye picha na silabi, na juu ya meza ya mwalimu kopo la vizibo vya soda na fungu la vijiti lililofungwa kwa mpira.

Mwalimu hakutaja jina la herufi hata moja. Aliwaambia watoto wafumbe midomo, kisha wagune kama mtu aliyeonja mchuzi mtamu. Darasa zima likavuma: mmm. Akaiandika herufi m ubaoni, akasema hiyo ndiyo sauti yake. Kisha akawataka wafumbue midomo: a. Akaziunganisha polepole, mmm-a, mmm-a, na kila mara akizikaribisha zaidi, mpaka watoto wenyewe wakapiga kelele: ma! Akaandika ma mara mbili. Macho ya wale watoto, ndugu msomaji, yaling'aa kama ya watu waliofunguliwa mlango. Walisoma kwa pamoja: mama.

Wakati wa mapumziko nilimweleza yaliyotokea nyumbani kwangu. Mwalimu hakunicheka wala hakunilaumu. Aliniambia hivi: "Mwanao hakukosea. Ulimfundisha kwamba herufi hii inaitwa me, na hii inaitwa a. Yeye akaziunganisha kwa uaminifu, akapata mea. Alisoma sawasawa kile ulichompa. Mimi namwambia ni mmm, nyumbani anaambiwa ni me. Sasa yeye amwamini nani?"

Nilihisi lile sikio nililolifinya kama kwamba ni langu.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka tulielewe sisi wazazi. Majina ya herufi yana manufaa yake, na mtoto atayajua kwa wakati wake, hasa atakapoanza kutafuta maneno katika kamusi. Lakini kinachofungua neno ni sauti. Mtoto huanza na irabu tano, a, e, i, o, u, na kwa hizo tano peke yake huweza kusoma maneno kamili: ua, oa, au. Kisha huletewa konsonanti chache chache, na kila konsonanti hutembezwa kwa irabu zote tano: ba, be, bi, bo, bu. Kutokana na silabi hupata neno, na kutokana na neno hupata sentensi. Wengi wetu tulizikariri silabi hizo kwa wimbo, tukadhani ni wimbo tu. Kumbe zilikuwa ni ngazi, na mtoto anayeziimba bila ya kuzitambua akizionyeshwa moja moja amejifunza kuimba, hajajifunza kusoma.

Nasi tunayo bahati kubwa ambayo hatuishukuru vya kutosha. Maandishi ya Kiswahili yanafuata sauti kwa karibu sana. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, maandishi yalisawazishwa ili shule za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja ziandike kwa namna moja. Irabu zetu hazibadiliki. A ya baba ndiyo a ya kitabu, ndiyo a ya hospitali. Mtoto wa Kiingereza hulazimika kujua kwamba herufi moja ina sauti tatu au nne, na kwamba nyingine huandikwa lakini hazitamkwi. Mtoto wetu akishazijua silabi zake, karibu kila neno la lugha hii li wazi mbele yake.

Lakini hata barabara nzuri ina mashimo. Huja sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch ya chai, sh ya shoka, ny ya nyama, dh ya dhahabu. Huja ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, ambazo hutenganishwa na alama ndogo ambayo hata baadhi ya sisi waandishi huisahau. Huja m inayosimama peke yake kama silabi, m-tu, m-to, na ile inayojiegemeza kwa jirani yake, mbu-zi. Mtoto anayekwama hapo hajawa mjinga. Amefika mahali penye kilima, na mpanda kilima hahimizwi kwa fimbo.

KALAMU NA KARAMU

Mwalimu alinipeleka pia darasa la pili, kwa mwenzake, ambako saa hiyo watoto walikuwa wakiandika imla. Naye mwalimu huyo alinionyesha daftari la mtoto mmoja aliyeandika: Baba amenunua karamu. Tulicheka kidogo, kisha akanieleza kwamba pana mambo mawili humo. La kwanza ni furaha: mtoto ameanza kwa herufi kubwa, ameacha nafasi baina ya maneno, na ameweka nukta mwishoni. La pili ni kazi iliyobaki: bado hajazitenga sauti za l na r. Watoto wengi huja shuleni na lugha nyingine walizonyonya kwa mama zao, na si kila lugha hutenganisha sauti hizo mbili. Wengine hupata shida kati ya th na s, wakaandika samani badala ya thamani. Dawa yake ni kumtamkia mtoto maneno hayo mawili mawili, kula na kura, kalamu na karamu, mpaka sikio lake litofautishe. Mkono utafuata sikio.

Ama kuhusu mwandiko wenyewe, nilijifunza kwamba kuandika hakuanzi na penseli. Katika majuma ya mwanzo watoto huandika hewani kwa kidole, huandika mchangani, huchora mistari iliyosimama, iliyolala na duara, ili vidole vizoee mwendo. Ndipo hupewa penseli na kuonyeshwa namna ya kuishika kwa vidole vitatu bila ya kuikaba. Mtoto aandikapo b mahali pa d asichekwe. Herufi hizo ni kama ndugu mapacha waliogeuziana migongo, na watoto wengi wa umri huo huzichanganya kisha huacha. Na yule atumiaye mkono wa kushoto aachwe autumie. Kumlazimisha wa kulia ni kumpa kazi mbili kwa wakati mmoja, ya kujifunza kuandika na ya kujifunza mkono.

ISHIRINI NA SABA NA KUMI NA TANO

Nilipokuwa nikiaga, mwalimu wa darasa la pili alinifungulia daftari jingine, la hesabu. Mtoto alikuwa amepewa ajumlishe 27 na 15, akaandika jibu: 312.

"Ungekuwa nyumbani ungefanya nini?" akaniuliza.

Sikujibu, maana jibu alilijua.

"Tazama alivyofanya," akasema. "Saba na tano ni kumi na mbili, ameandika 12, wala hakukosea. Mbili na moja ni tatu. Ameandika 3, wala hakukosea. Hesabu zote mbili ni sahihi. Asilolijua ni jambo moja tu, kwamba kumi ikitimia katika mamoja haina ruhusa ya kukaa huko. Yapasa ihamie kwa makumi."

Akamwita mtoto mwenyewe, mvulana mwembamba mwenye kifungo kimoja katika shati. Hakumwambia kwamba amekosa. Alimpa vijiti: mafungu mawili ya kumi kumi na vijiti saba, kisha fungu moja na vijiti vitano. Akamwambia aviweke pamoja. Mtoto akavihesabu vile vya mmoja mmoja, akapata kumi na viwili. Akatua. Akamtazama mwalimu. Kisha bila ya kuambiwa neno akachukua kumi miongoni mwavyo, akavifunga kwa mpira, akaliweka fungu hilo kwa wenziwe. Akahesabu tena: mafungu manne, na vijiti viwili. Akachukua kifutio, akafuta 312, akaandika 42.

Sisi wa zamani tulifundishwa tuseme "andika mbili, weka moja," na wengi tulisema hivyo miaka mingi bila ya kujua hiyo moja inawekwa wapi na kwa sababu gani. Mtoto huyu ameiona kwa macho yake na kuishika kwa mikono yake. Juma lijalo atakapofanya bila ya vijiti, vijiti vitakuwa kichwani mwake.

MWANAFUNZI WA CHINI YA MWEMBE

Niliporudi nyumbani siku ile nilimkuta mama yangu uani, ameketi mkekani na mjukuu wake, miwani mpya puani, daftari mapajani. "Haya, mke mwenzangu," alikuwa akimwambia, "hii ilia kama mchuzi mtamu." Na mtoto akavuma: mmm.

Nikasimama pale mlangoni. Mwalimu alikuwa amenifundisha jambo hilo asubuhi, na kumbe mwenye kulijua alikuwa akilala nyumbani kwangu.

Mama yangu hakupelekwa shule utotoni. Alipokuwa mdogo shule ilikuwa mbali na nafasi zilikuwa chache, na zilizokuwapo zilikwenda kwa wavulana. Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mpango wa kufuta ujinga ulipofuata nchini kote, madarasa ya kisomo yalifunguliwa hata kijijini kwao, huko Shinyanga. Yeye alijiunga akiwa tayari ni mke wa mtu, na kaka yangu mkubwa yu mgongoni. Walikaa chini ya mwembe. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, na baadhi ya wanafunzi walikuwa na umri wa kumzaa. Vitabu vya kisomo vya wakati ule vilifuata kazi za watu, nao wa kwao walijifunza kwa kilimo cha pamba. "Pamba," mama aliniambia jioni ile, "ndilo neno la kwanza nililolisoma. Nilikuwa nimeilima tangu utoto, nikaitazama pale kitabuni nikaijua."

Nikamwuliza kama mwalimu wao aliwahi kuwagombeza.

"Angetugombeza nani angerudi kesho yake?" akajibu. "Sisi tulikuwa watu wazima, tungekwenda zetu shamba. Mtoto hawezi kwenda zake. Kwa hiyo huficha daftari."

Maneno hayo, ndugu msomaji, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Nchi yetu imepita njia ndefu katika jambo hili. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini. Baadaye ada ilirudi na watoto wakapungua. Kisha katika miaka ya mwanzo ya 2000, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ikafutwa na madarasa yakafurika tena. Hapo ndipo lilipoonekana jambo jingine la kusikitisha: kwamba kumwingiza mtoto darasani ni jambo moja na kumfundisha kusoma ni jambo la pili, maana walikuwapo waliofika darasa la saba wasiweze kusoma habari fupi. Ndiyo sababu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulirekebishwa, mrundiko wa masomo ukapunguzwa, na nguvu zikaelekezwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile KKK tatu tunazozisikia. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 nao umeendelea kuziweka stadi hizo kuwa msingi wa madarasa hayo.

Basi serikali yaweza kupanga mtaala, na mwalimu aweza kufundisha, lakini jioni mtoto hurudi kwetu. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kila siku. Sisi wenye mmoja, wawili au watatu twaweza.

TUFANYE NINI?

Nimekusanya mashauri machache, mengine kutoka kwa walimu wale wawili, mengine kutoka kwa mwanafunzi wa chini ya mwembe.

Kwanza, tufungue daftari kila jioni, hata kwa dakika kumi, kabla ya kuwasha televisheni au kushika simu. Tusitafute kosa kwanza. Tumwambie mtoto: nionyeshe ulichojifunza leo. Mtu huonyesha kwa furaha kile anachokijua, na kile asichokijua kitajitokeza chenyewe.

Pili, tufundishe kama shule inavyofundisha. Ukiona hujui sauti gani imefikiwa au hesabu hufanywa kwa njia gani siku hizi, muulize mwalimu. Nyumba na shule zikivutana, anayechanika ni mtoto.

Tatu, tusiwafanyie kazi zao. Wako wazazi ambao, kwa kuona mtoto amechelewa kulala, huchukua penseli wakajaza majibu. Mwalimu akiyaona majibu sahihi hudhani mtoto ameelewa, akasonga mbele, na mtoto akaachwa nyuma na mkono wa mzazi wake mwenyewe.

Nne, nyumba isiyo na vitabu si nyumba isiyo na maandishi. Pakiti ya chumvi ina maandishi, mfuko wa unga una maandishi, daladala lina maandishi, gazeti hili lina maandishi. Mtoto wa darasa la kwanza atafute humo silabi anazozijua. Na hesabu ziko jikoni na dukani: mafungu ya nyanya, chenji ya shilingi, vitumbua kumi vigawanywe kwa watu watano. Vizibo vya soda na mbegu za ukwaju ni vifaa vya hesabu visivyouzwa.

Tano, mtoto anayebaki nyuma siku zote achunguzwe macho na masikio kabla ya kuitwa mvivu. Asiyeuona ubao hawezi kuunakili, na asiyesikia vyema hawezi kutofautisha m na n. Mwalimu akiombwa kwa adabu atamketisha mbele. Aidha, mtoto aliyetoka nyumbani bila ya uji hasikii mmm ya herufi. Husikia tumbo lake.

Sita, na hili nawaambia hasa wale wazazi ambao wenyewe hawakubahatika kusoma. Msidhani kwamba hamna msaada. Mtoto akikusomea, huhitaji kujua kusoma ili umsikilize. Mketishe karibu nawe, mwambie akusomee, kisha umwulize habari hiyo inasema nini. Akiweza kukusimulia, ameelewa. Akishindwa, ametamka tu. Mwambie arudie polepole. Hapana stashahada inayotakiwa kwa kazi hiyo. Mimi ninayo, nayo haikunizuia kufinya sikio.

Mwisho, tuache hofu ikae mbali na daftari. Sisemi mtoto asirudiwe anapokosa adabu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini kutojua si utovu wa adabu. Kama angekuwa anajua, tungempeleka shule kwa sababu gani?

Ama binti yangu, nilimwomba radhi. Najua wako watakaosema kwamba mzazi haombi radhi kwa mtoto wa miaka sita. Nami nilidhani hivyo hivyo, na maneno yalinitoka kwa shida. Yeye alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza kama daftari laweza sasa kukaa juu ya meza. Nikamwambia laweza. Mtihani wa radhi yangu haukuwa siku ile, bali jioni zilizofuata, alipokosea na kutupia jicho mkono wangu kwanza kabla ya kutazama neno. Ilichukua majuma mawili kuacha kuutazama mkono.

Jumapili iliyopita mama yangu alikuwa akijiandaa kurudi kijijini. Aliinama kufunga mzigo wake, na mtoto amesimama nyuma yake. Nikamsikia akinong'ona. Alikuwa akifuata kwa kidole maandishi ya kanga mgongoni mwa bibi yake. Maandishi ya kanga ni ya herufi kubwa, naye herufi kubwa hajazizoea zote, kwa hiyo aliuliza: "Bibi, hii yenye paa kama nyumba ni nini?" Bibi bila ya kugeuka akamwambia ni a. Akauliza tena juu ya nyingine, akaambiwa ni nnn. Akarudi mwanzo, akaunganisha, akafika katikati akakwama, akarudi tena. Sikusema kitu. Mikono yangu niliiweka nyuma.

"Mama," akasoma. Akavuta pumzi. "Ni. Mama."

Kisha akaisoma yote kwa mkupuo mmoja, kwa sauti kubwa, na jirani akachungulia uani kuuliza kuna nini.

Basi narudi kwenye swali langu la mwanzo, ndugu msomaji. Leo ni Jumapili, na kesho watoto watavaa sare zao. Kabla jua halijatua, mwite mwanao, mwambie alete daftari. Kama litaletwa mbio, mshukuru Mungu na mshukuru mwalimu. Kama litachelewa kuletwa, au likisemekana limesahauliwa shuleni, usimwulize mtoto limekwenda wapi. Jiulize wewe kwanza.

Tukutane Jumapili ijayo.